Mahubiri ya Kasisi Kimeu

Kasisi Boaz Makokha aliitwa na Arkidikoni huko Thika katika mwaka wa pili wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, wakati masika yalipokuwa yameujaza mto Chania hata ngurumo ya maporomoko ikasikika mpaka barazani. Alijua kwamba hakuitiwa chai. Kazi yake katika dayosisi ilikuwa kuwazungukia makasisi na makusanyiko yao, tangu mashamba ya kahawa ya Ruiru mpaka vijiji vya Wakamba vilivyo mashariki ya Thika. Kuwatia nguvu waliochoka, kuwaonya waliolegea, na kurudi na neno la kweli. Katika kazi hiyo alikuwa amechakaza baisikeli zaidi ya moja. Watu walimheshimu na kumwogopa pia, kwa maana hakuwahi kumvika mtu kilemba cha ukoka.

"Nataka uende Ruiru, kwa Kasisi Kimeu Mbaluka," Arkidikoni alisema. "Meneja wa shamba amelalamika. Alimsalimu njiani, naye hakurudisha salamu. Alimtazama tu akatabasamu. Mmoja aniambia ni uzee, mwingine aniambia ni ugonjwa. Lakini kila nikiwauliza watu wa kusanyiko lake, hunijibu kwamba Jumapili amehubiri vizuri sana."

"Basi kama amehubiri vizuri, taabu iko wapi?"

"Taabu ni kwamba wote hunijibu kwa maneno yale yale, kama watoto waliofundishwa."

Arkidikoni akaendelea, sauti yake ikiwa nzito.

"Ile nyumba ya ibada ilifunguliwa kwa jina la Kimeu. Meneja hapendi watu wakusanyike shambani mwake siku hizi, na serikali haipendi zaidi. Ruhusa waliyoitoa yasema kwamba watu watasali humo maadamu yupo kasisi mwenye cheti cha Askofu, awezaye kuhubiri na kujibu kwa kila linalosemwa. Kimeu akiwa hawezi tena, cheti kitarudi, mlango utafungwa, naye atatoka katika nyumba ya kasisi. Sina mwingine wa kumpeleka. Hata hivyo sitamdanganya Askofu, wala sitaki wewe unidanganye mimi."

"Sijawahi kukudanganya."

"Ndiyo sababu nimekuita wewe. Safari hii ni ya mwisho, Boaz. Ukiimaliza, nenda nyumbani ukapumzike."

Nyumbani kulikuwa mbali, upande wa Mlima Elgon, ambako Boaz alikuwa amejenga nyumba ya mabati, na mkewe Nekoye alikuwa amekwisha kuizungushia migomba. Kwa miaka mingi mume na mke hao walikuwa wameishi katika nyumba za misheni, leo hapa kesho pale. Nekoye alikuwa ameahidiwa kwamba migomba hiyo wataila pamoja.

Jumamosi asubuhi Boaz alifunga vazi lake la ibada nyuma ya baisikeli akashika njia ya Ruiru. Penye kilima cha Kalimoni matope yalimshinda, akashuka akasukuma. Askari wakamsimamisha, wakakitazama kipande chake cha utambulisho, wakamwachilia. Alipoingia shambani, mibuni ilikuwa imechanua, maua meupe pande zote mbili za njia, na katikati yake lilisimama ghala la zamani la kahawa ambalo watu waliligeuza kuwa nyumba ya ibada. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa upya. Uwanja ulikuwa umefagiwa hata hapakuonekana jani.

Mbula, mke wa Kasisi Kimeu, alimpokea mlangoni. Pamoja naye alikuwapo Wilkister, kiongozi wa kina mama, mke wa dereva wa trekta, mwanamke mwenye ulimi wa haraka.

"Huyu ndiye mkaguzi?" Wilkister alisema. "Nilidhani atakuja kwa motokaa. Baisikeli yenyewe hii yahitaji kuwekewa mikono na Askofu."

"Nyamaza, wewe," Mbula akamwambia. "Karibu, Kasisi. Umelowa kama kifaranga."

Ndani, Kasisi Kimeu aliinuka kitini polepole. Alikuwa mzee mrefu mwenye mvi tupu. Alitoa mkono wa kushoto. Ule wa kuume ulikuwa umelala ubavuni kana kwamba si wake.

"Habari za siku nyingi, ndugu yangu?" Boaz akamwuliza.

"Ndiyo," Kimeu akajibu, akitabasamu. "Ndiyo, ndiyo."

"Koo linamsumbua," Mbula akadakia upesi. "Twalihifadhi kwa ajili ya kesho."

Wakaketi. Akaja pia Jeconia Odhiambo, mzee wa kanisa, fundi wa mashine katika kinu cha kahawa. Huyu ndiye aliyekuwa mkalimani. Tangu zamani Kasisi Kimeu alihubiri kwa Kikamba, lugha iliyomtoka moyoni, na Jeconia, Mjaluo aliyejifunza Kikamba katika mashamba ya katani, alisimama kando yake akafasiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa ajili ya Wajaluo na Waluhya waliokuwa wengi shambani. Utaratibu huo ulijulikana katika makusanyiko yote, na Boaz hakuuona kuwa ajabu.

Wala hakusema kwamba yeye mwenyewe alikijua Kikamba. Wakati wa vita alikuwa msaidizi wa kasisi wa jeshi huko Burma, katika kikosi kilichojaa Wakamba, akawaandikia barua zao na kuwafumba macho waliokufa. Hakulificha jambo hilo kwa hila. Hakuna aliyemwuliza.

"Kasisi," Boaz akamwambia Kimeu, "watakaowekewa mikono mwaka huu wamefika wapi katika mafundisho?"

"Wako tayari, ila wawili wanaosinzia," Jeconia akajibu.

"Na wagonjwa? Ni nani wanaopelekewa meza ya Bwana nyumbani?"

"Bibi mmoja wa kambi ya chini, na mlinzi aliyevunjika mguu," Wilkister akajibu.

"Nimemwuliza Kasisi."

"Naye Kasisi ametutuma tujibu. Wewe ukiwa na mbwa, wabweka mwenyewe?"

Hata Mbula alicheka kwa mshtuko, akajifunika mdomo kwa kanga. Boaz hakucheka. Lakini chakula kilipoletwa, Kimeu alifumba macho akaomba baraka, na sala ile ilitoka kinywani mwake nzima, yenye mpangilio, bila kukwama hata mahali pamoja. Boaz aliitikia Amina huku akiona aibu kidogo kwa mashaka yake. Labda ni koo kweli, alijiambia.

Jumapili ghala lilijaa. Wakamba kutoka upande wa mashariki ya Thika walikuwa wamefika kwa miguu na kuketi mbele, kama walivyozoea, kwa kuwa wao ndio waliolianzisha kusanyiko lile. Mbele yao wote aliketi Mzee Kiilu, mkulima aliyeujenga ule ukuta wa madhabahu kwa mikono yake. Kimeu aliongoza maungamo, akasema zaburi, akasema imani. Kila neno lilikuja mahali pake kama mtu anayepita katika nyumba yake gizani. Boaz akatulia.

Kisha Kimeu akapanda kuhubiri, na Jeconia akasimama kando yake.

"Maji," Kimeu alisema kwa Kikamba. Akangoja. "Maji. Yule... mlango. La. Maji ya jana, wale, mlango."

Jeconia aliinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo mkalimani anayepima uzito wa maneno.

"Kasisi asema," akatangaza kwa Kiswahili, "ninyi mnaokwenda mtoni alfajiri, njia ile hamkuikata ninyi. Ilikanyagwa na miguu ya waliotangulia."

Boaz akamkazia macho mkalimani.

"Ng'ombe," alisema Kimeu, na jasho likamtoka kipajini. "Ng'ombe wa... yule. Ndiyo. Shuka. Shuka, maji."

"Na mtu akianguka na mtungi wake njiani," Jeconia akasema, "wewe uliye nyuma yake usimruke kwa kuwa wachelewa. Tua wa kwako kwanza. Mwinue. Maji yatapatikana tena."

Hivyo ndivyo yalivyoendelea. Mzee alitoa vipande vya maneno, vingine vya zaburi, vingine vya zizini na shambani, na vingine havikuwa maneno kabisa. Na kando yake yalitoka mahubiri mazuri, yaliyonyoka, ambayo Boaz angejivunia kuyatoa yeye mwenyewe. Akaugeuza uso wake kuwatazama Wakamba. Hao walikuwa wakisikia kila kitu kwa lugha yao wenyewe. Mzee Kiilu aliketi mikono juu ya fimbo, akimtazama Kimeu kwa utulivu, na kila Kimeu alipomaliza kipande, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshibishwa. Nyuma yake wote walifanya vivyo hivyo. Hapo Boaz akatambua kwamba hapakuwa na aliyedanganywa katika nyumba ile isipokuwa yeye.

Kwenye meza ya Bwana mzee alirudi kuwa mzima. Aliyasema maneno yote ya mkate na kikombe kwa sauti iliyojaa ghala, na mkono wa kushoto ukainua kile ambacho wa kuume haukuweza. Boaz alipokea, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakujua kama alikuwa na hasira au la.

Alikuwa nayo. Watu walipotoka, alimwita Jeconia katika chumba cha mavazi. Mbula na Wilkister wakaingia nyuma yake bila kuitwa.

"Kasisi alisema nini juu ya ng'ombe?" Boaz akauliza.

Jeconia akajibu haraka, "Ni mfano tu, Kasisi. Wa Kikamba. Haufasiriki vizuri."

Boaz akamgeukia Mbula, akamwambia kwa Kikamba safi, "Mama, mume wako alipatwa na ugonjwa huu lini?"

Mbula akaketi juu ya sanduku la mavazi. Wilkister akapiga makofi mara moja.

"Kumbe! Watulaumu kwa kuficha, nawe tangu jana umeficha Kikamba chako mfukoni!"

"Sikuulizwa."

"Nasi hatukuulizwa. Wakubwa wako waliuliza kama Jumapili mahubiri yalikuwa mazuri. Hayakuwa mazuri leo?"

"Wilkister, acha," Jeconia alisema. Akamkabili Boaz. "Ni kweli. Lakini sikusema neno moja la uongo pale mbele. Yote niliyosema nimeyasikia kwake zamani, alipokuwa mzima. Nayarudisha tu."

"Uliyasema yako ukayaita yake. Mbele ya madhabahu ulisema, Kasisi asema, naye hakusema. Hilo wewe waliitaje?"

Mbula ndiye aliyenena, kwa Kikamba, polepole, kwa kuwa sasa alijua Boaz anamwelewa.

"Meneja alipotaka kuifunga nyumba hii, mume wangu alikwenda ofisi ya serikali huko Thika kila asubuhi kwa miguu. Walimfukuza, akarudi. Walimcheka, akarudi. Alisema nao hata wakachoka. Siku waliyompa ruhusa, alianguka njiani pale Kalimoni, nayo karatasi iko kifuani mwake. Watu wa Kiilu walimleta kwa machela. Tangu siku hiyo sala zake zimebaki, ila maneno yake mwenyewe yamekwenda. Sasa wataka tuwaambie watu kwamba aliyeufungua mlango huu hastahili kukaa ndani yake?"

"Mimi sikusema hastahili, Mama."

"Cheti kikirudi, mlango unafungwa. Sema kama si hivyo."

"Ni hivyo," Boaz akasema.

Jeconia alisema kwa sauti ya chini, "Basi nyamaza nasi, Kasisi. Wewe waenda nyumbani. Nyamaza Jumapili chache tu, mpaka nchi itulie."

"Nikinyamaza leo, kila neno nililowahi kumpelekea Askofu juu ya kasisi yeyote limekuwa bure. Siwezi. Msiniombe hilo."

Alitoka akaenda kwa Kimeu peke yake. Mzee alikuwa ameketi barazani, akiwatazama watu wakitawanyika katikati ya mibuni. Boaz akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Ndugu yangu," akamwambia kwa Kikamba, "nimesikia yote. Je, wataka nimwambie Askofu?"

"Ndiyo," Kimeu akasema.

Boaz angeweza kuondoka na jibu hilo. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. "Au wataka nifiche?"

"Ndiyo," Kimeu akasema vilevile, kisha akaona usoni mwa mwenzake kwamba amekosea, akajaribu tena. "Ndiyo. La. Mlango. Mlango, yule..." Akapiga goti lake kwa mkono wa kushoto, machozi yakamlenga. Maneno yalikuwa humo ndani. Kila mtu angeweza kuona yalivyokuwa yakisukumana. Hakuna lililotoka.

Basi akaacha. Akainuka, akaingia ndani akiburuta mguu, na Boaz akamfuata mpaka kizingitini. Ukutani, juu ya kitanda, kilitundikwa cheti cha Askofu katika fremu ya mbao. Kimeu akakitungua kwa mkono mmoja. Mbula, aliyekuwa amewafuata, akalia, "La, la, usifanye hivyo!" lakini mzee hakugeuka. Akakifuta vumbi kwa kanzu yake. Akakitia katika mfuko wa Boaz, akaufunga mkanda, akapiga juu yake mara mbili kama mtu afungaye mzigo wa safari. Kisha akamwangalia Boaz kwa macho makavu. Hapo hapakuhitajiwa mkalimani.

Jumatatu Boaz alikiweka cheti juu ya meza ya Arkidikoni huko Thika, akamweleza yote bila kupunguza: ugonjwa, mkono, vipande vya maneno, Jeconia na mahubiri yake, na Wakamba walioitikia kwa vichwa.

Arkidikoni alivua miwani akafikicha macho. "Kwa hiyo imekwisha. Nitamwandikia meneja afunge."

"Kabla hujaandika. Ruhusa yasema awepo kasisi mwenye cheti, awezaye kuhubiri. Haikusema awe Kimeu tu, kama Askofu atapeleka mwingine badala yake."

"Nimekwambia sina mwingine."

"Andika jina langu."

"Wewe umemaliza, Boaz. Nimekwisha kukuruhusu. Na Nekoye? Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli, naye atanikasirikia, na itakuwa haki yake." Boaz alikuwa amesimama wima kama askari. "Lakini nina sharti. Kimeu asitolewe katika nyumba ile. Mimi nitalala katika chumba cha mavazi mpaka watu wajenge kibanda. Mimi nitahubiri na kujibu mbele ya serikali. Yeye atasimama mezani pa Bwana, kwa maana maneno ya pale anayo, na yanatoka mazima kuliko yangu."

"Makasisi wawili katika ghala moja."

"Kasisi mmoja na nusu," Boaz akasema. "Ila mimi sijui ni nani aliye nusu."

Arkidikoni alichukua kalamu.

Nekoye alifika kwa garimoshi kabla mvua hazijaisha, pamoja na jembe, vyungu, na miche ya migomba iliyofungwa kwa majani. Alimsalimu mumewe kwa heshima, kisha akakaa bila kusema naye neno lisilokuwa la lazima. Miche aliipanda nyuma ya chumba cha mavazi, kwa nguvu, kama mtu anayechimba kaburi. Wilkister alikwenda kumsaidia akamwambia, "Huyu mume wako ni mgumu." Nekoye akajibu, "Nimeolewa naye. Waniambia habari gani mpya?" Tangu hapo wanawake hao wawili wakawa marafiki.

Jumapili ya kwanza ya Boaz ghala lilijaa, ila furaha haikuwepo. Watu walimtazama Boaz kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Alihubiri kwa Kiswahili, Kiswahili chake kikavu cha shule ya misheni, na Jeconia akasimama kando yake kuwafasiria Wakamba.

"Mungu hahitaji uongo wetu ili aitunze nyumba yake," Boaz akasema.

Jeconia akafasiri kwa Kikamba, "Kasisi asema: Mungu hahitaji uongo wetu ili aitunze nyumba yake. Na asema tena kwamba aliwakasirikia sana, lakini sasa hasira imepungua, naye awapenda ninyi nyote."

Boaz akasimama katikati ya pumzi. Akamgeukia.

"Jeconia. Sikusema hivyo."

"Samahani, Kasisi," Jeconia akanong'ona. "Ni mazoea."

Wakamba walioketi mbele walikuwa wamesikia yote mawili. Mzee Kiilu alianza kutikisika mabega. Kisha kutoka kiti cha kando ya madhabahu kikasikika kicheko cha wazi, cha mzee, ambacho hakikuwa kimesikika tangu Kalimoni: Kimeu alikuwa akicheka, kichwa nyuma, mkono wa kushoto ukipiga goti. Hapo ghala zima likacheka pamoja naye.

Boaz alingoja wanyamaze. Uso wake haukubadilika, lakini hakukanusha zaidi.

"Endelea," akamwambia Jeconia. "Fasiri niliyosema. Na lile la mwisho, kwa kuwa limekwisha kutoka, liache."

Alipomaliza alishuka, akamwendea Kimeu, akamshika kwapani mkono ule uliolala, akamwinua. Wakaenda pamoja mpaka mezani. Boaz akarudi nyuma hatua moja, akapiga magoti kati ya watu. Mzee akafumba macho, akavuta pumzi, na maneno yakaanza kuja, moja baada ya jingine, mazima, na hakuna aliyeyafasiri.